Siku sita Dar, simu ikiwa kwa fundi

Safari nzima nina picha moja tu niliyopiga mwenyewe, nayo ni ya skrini ya treni imeandika 160. Nyingine kumi na moja nimetumiwa na mdogo wangu baada ya kurudi, na tano kati ya hizo ni za keki. Yaliyobaki nimeyatoa kwenye kauntabuku la kwaya mbili nililobeba kwa ajili ya hesabu za duka: ukurasa wa kushoto bei za wino, wa kulia mambo ya Dar. Mwandiko wa ndani ya daladala hausomeki vizuri, kwa hiyo mkiona narukaruka, laumuni barabara.

Mimi nina stesheneri Dodoma, karibu na chuo. Nane Nane ya mwaka 2025 ilikuwa kwetu, Nzuguni, nikadurufu vipeperushi mpaka mashine ikaanza kutoa mistari myeusi. Ilipoisha nikajikuta na mashine mgonjwa, hela kidogo mkononi, na mwaliko: mdogo wangu, binti wa mama mdogo, anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, Jumamosi ya tarehe 16 Agosti huko Tabata. Nikafunga duka.

Jumanne, 12 Agosti 2025: Dodoma hadi Tabata

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda SGR. Najua nimechelewa, ilianza kufika Dodoma Julai 2024 na watu wameshachoka kuisimulia, lakini niacheni kidogo. Sisi wa basi tumezoea kuihesabu njia kwa mdomo: viazi Gairo, mayai ya kuchemsha Chalinze, na mahali fulani katikati ya pori konda anatangaza kuchimba dawa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Kwenye treni hakuna anayechimba dawa wala anayegonga dirisha. Unakaa, milima inapita, skrini inaandika mwendo, na ikifika 160 watu wazima wenye familia zao wanasimama kuipiga picha. Nauli ya daraja la kawaida 31,000.

Kijana wa siti ya mbele yangu alikuwa na simu kubwa na hakuwa na kitu cha kuweka masikioni. Kuanzia Kilosa alikuwa TikTok, singeli juu ya singeli, hakuna iliyozidi nusu dakika kabla hajaipandisha kwa kidole. Bibi mmoja aliyejitanda kanga alivumilia mpaka karibu na Ngerengere, kisha akamgusa bega. "Mjukuu wangu, hiyo ngoma mbona inakimbia kuliko treni?" Behewa zima likacheka, kijana naye akacheka, akazima. Nimewaza baadaye, bibi hakukosea: singeli hupita mapigo 200 kwa dakika bila kutoka jasho.

Kwa mtakaosafiri: nendeni mapema, tena mapema kweli, na kitambulisho kiwe mkononi, si ndani kabisa ya begi chini ya karanga za zawadi. Mizigo inapita kwenye mashine na foleni haina huruma na anayepekua begi. Na namba muhimu ziandikeni kwenye karatasi. Hili la mwisho mtalielewa sasa hivi.

Stesheni ya Dar imejengwa kwa mfano wa kito cha tanzanite. Nilikuwa nimeinua shingo kuhakikisha, huku mkono mwingine natafuta Tabata kwenye ramani, simu ikaniponyoka kwenye ngazi. Ilishuka ngazi tatu kwa utaratibu, ikalala kifudifudi kama mtoto aliyenuna. Nilipoigeuza kulikuwa na mstari wa kijani kutoka juu hadi chini, halafu miwili, halafu giza. Ilikuwa inaita kabisa, naisikia, ila siwezi kujua nani anapiga wala pa kumpokelea.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kichwani mwangu kuna namba moja tu ya simu, ya marehemu baba, tena ya enzi za Buzz. Vijana, Buzz ni mtandao wa simu uliokuja kuwa Tigo, na Novemba 2024 Tigo ikawa Yas. Baba asingeamini.

Lakini nilikuwa nayakumbuka maneno ya mama mdogo, kwa sababu ameyasema kila mwaka tangu nipo sekondari: "Panda gari la Segerea, shuka Dampo, uliza kwa Mama Vitumbua." Mlinzi mmoja pale nje akaniona nazunguka na begi, akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia sijapotea, simu ndiyo imekufa. Akachukua kauntabuku langu, akachora barabara mbili, msikiti, mshale, na duara aliloandika KARANGA. "Ukimwona muuza karanga, gari liko nyuma yake." Nikamwona muuza karanga, gari lilikuwa nyuma yake. Mchoro ule sijauchana mpaka leo.

Daladala 600, foleni saa nzima na kitu. Nilimwomba konda anishushe Dampo, na kwa kuwa tulikuwa hatuendi popote nikamuuliza dampo lenyewe liko upande gani. "Liliondoka sister, mimi hata sijazaliwa. Jina ndilo liligoma kuhama." Ni kweli, wakazi wa Tabata walilifikisha jalala hilo mahakamani mwaka 1988, na taka zikaenda kusumbua kwingine. Kituo bado ni Dampo, na watu wanashuka wamevaa suti.

Mama Vitumbua nilimpata kwa mtu wa kwanza niliyemuuliza. Hauzi vitumbua tena huu ni mwaka wa kumi; ana kibanda cha uwakala wa pesa na vocha. Nilipomwamkia akasema, "Marahaba, wewe ndiye wa Dodoma, mama yako mdogo amekuja hapa mara tatu anasema simu yako inaita haipokelewi." Akafunga kibanda, akanisindikiza mpaka mlangoni na begi akalibeba yeye.

Jumatano, 13 Agosti: Kariakoo

Mama mdogo alinipa kitochi chake cha zamani, kile cha tochi na redio. Tatizo, laini yangu ni ya nano na kitochi kinataka laini ya kizamani, pana. Tukarudi kwa Mama Vitumbua. Akachukua kadi ya plastiki ambayo laini hutolewa humo, akaweka laini yangu kwenye tundu lake, akakata pembeni kwa mkasi wa kucha, akaifunika kwa kipande cha selotepu chembamba kama unyasi, akaichomeka. Nokia ile ikawaka, ikatetemeka mara moja kama mtu aliyeamshwa, na *150*00# ikafunguka. Pesa zangu zote zilikuwa mle zinanisubiri. Sikuamini. Miaka yote nilidhani pesa ziko kwenye ile simu kubwa.

Kisha Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi. Sitasema ni duka gani, na hata nikisema hamtalipata, kwa kuwa ni meza moja ndani ya duka la mwingine ndani ya korido ya mwingine. Fundi akaiangalia simu yangu sekunde mbili bila kuishika. "Kioo. Cha kopi 60,000, og 110,000." Tukavutana. Mimi ni mfanyabiashara, yeye pia, kila mmoja alikuwa anaondoka na kurudishwa. Tuliishia 85,000 kwa kioo alichokiita "og ya kawaida", na mpaka leo sijui hicho ni kitu gani. "Njoo kesho saa nne."

Dramu ya mashine ya fotokopi niliipata duka la tatu, na nikaandika risiti ile ukurasa wa kushoto kwa wino mwekundu. Sina la kuwaambia zaidi kuhusu dramu.

Kariakoo yenyewe ndiyo ile ile: mkokoteni unakuja nyuma yako na mwenye mkokoteni anasema "mwili, mwili!" kama vile ulikuja bila mwili. Jina lilitoka kwa wabeba mizigo wa jeshi la Mwingereza wa vita vya kwanza vya dunia, Carrier Corps, ambao walikaa pale. Zaidi ya miaka mia imepita na wabeba mizigo bado wapo, wamejaa, ila sasa wanabeba majokofu.

Pale Mnazi Mmoja nikasimama kwenye meza ya magazeti. Sikumbuki mara ya mwisho kusoma habari kwa njia hii. Kuna adabu yake: unasoma kurasa za mbele tu, mikono nyuma, hugusi, na hukai mbele ya mtu mfupi. Tulikuwa kama kumi na wawili na hakuna aliyenunua. Mashindano ya soka ya CHAN yalikuwa katikati, Taifa Stars wameshashinda mechi zao tatu za kwanza, na kila ukurasa ulikuwa na rangi ya bendera. Wawili walikuwa wanabishana kuhusu usajili wa Simba na Yanga, mmoja amesoma kichwa cha habari cha kushoto na mwenzake cha kulia. Nikajikuta nimesimama dakika ishirini na kujua habari sita. Kwenye simu ningesoma mia moja na nisingeweza kuwatajia hata moja.

Chakula cha mchana: wali maharage na mchicha kwa mama ntilie nyuma ya maduka, 2,500, pilipili bure.

Alhamisi, 14 Agosti: Bismini, Feri, Kigamboni

Saa nne kamili nilikuwa Aggrey. Kioo hakijafika. "Kesho, anti, kesho asubuhi kabisa."

Nilikuwa nataka kuvuka kwenda Kigamboni kwa kuwa tu sijawahi. Nikamuuliza mzee mmoja muuza kahawa njia ya kwenda Feri kwa mguu. "Nyoosha na Samora mpaka Bismini, kata kulia utaiona bahari, ukiiona fuata kushoto." Nikanyoosha na Samora nikitafuta bango la Bismini. Duka? Benki? Nilikuwa nimeshapita nikarudi kumuuliza binti wa miwani, akacheka, akanionyesha kidole: Sanamu ya Askari. Yule wa shaba mwenye bunduki iliyoelekezwa bandarini, aliyewekwa mwaka 1927.

Jambo hili lilinikereketa mpaka simu iliporudi nikalisoma. Kabla ya askari, mahali pale palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa koloni. Waswahili wakalisema jina lake walivyoweza: Bismini. Mwingereza akaja, akaing'oa sanamu, ikapelekwa Hamburg, na huko nako mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha. Kwa hiyo Wissmann hana pa kusimama Dar, hana pa kusimama kwao, ila muuza kahawa wa Samora anamtumia kila siku kuelekezea watu njia ya kwenda kununua samaki.

Feri, mnada wa samaki ulikuwa umeshapoa. Nikala kibua wa kukaanga na muhogo, 2,000, nimesimama, nikiangalia mwanamume mmoja akipara changu: magamba yanaruka mpaka kwenye kope zake na hapepesi.

Kivuko ni 200, na getini unagusa kadi. Sikuwa na kadi. Nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma kwenye umati, jambo ambalo halifanyiki kirahisi pale, kijana mwenye ndoo ya mayai akagusa kadi yake mara mbili na kusema "Pita, mama." Nikamnyooshea sarafu ya mia mbili upande wa pili. Akaikataa kwa kichwa kwa sababu mikono ilikuwa na mayai. Mtakaokwenda, ulizieni kadi mapema mpate kuwaacha wauza mayai kwa amani.

Kigamboni nilitembea saa moja, nikanywa dafu, nikarudi. Jiji linapendeza zaidi ukiliangalia kutoka kule, maghorofa yamepangana juu ya maji na kelele hazifiki.

Ijumaa, 15 Agosti: Makumbusho isiyo yenyewe

Siku hii niliamua niende Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nikamwone Zinjanthropus. Nilimwona kwenye kitabu darasa la tano, fuvu aliloliokota Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, na nilidhani ni wakati wa kusalimiana ana kwa ana. Nikamwambia bodaboda pale Dampo, "Makumbusho." Akasema 5,000. Nikapanda.

Tulishika Mandela, tukafika Ubungo. "Hapa Mataa," akanipigia kelele kupitia kofia, nami nikatafuta mataa nisiyaone vizuri maana juu yake limepita daraja la ghorofa, la Kijazi, tangu 2021. Nikaridhika tu. Mgeni huwa anaridhika. Tukapita Mwenge, na pale ndipo nilipoanza kuwaza kwamba bahari inachelewa.

Akanishusha stendi ya daladala. "Makumbusho hii, sister." Na kweli ilikuwa Makumbusho, maana stendi inaitwa hivyo, na karibu yake kuna Kijiji cha Makumbusho, ambacho ni makumbusho nyingine kabisa. Kosa lilikuwa langu na tulicheka wote wawili, yeye zaidi.

Basi nikaingia Kijijini. Ni nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kila moja imejengwa kwa mkono wa kwao, chini ya miti. Nikapita ya Wazaramo, nikapita msonge wa Wahaya, na mbele kidogo nikakutana na tembe. Tembe ya Wagogo. Paa bapa la udongo, mlango mfupi unaokulazimisha kuinama kama unaomba radhi, na ndani ile giza yenye harufu ya majivu na ngozi. Nililelewa na bibi kwenye nyumba ya namna hii hadi darasa la pili. Nikatafuta mahali ambapo bibi alikuwa anachomeka kijiko ukutani, kati ya mti na udongo, na pale pale palikuwa na ufa, ila bila kijiko.

Wazungu wawili waliingia na mwongoza wageni. Akaanza kueleza kwamba hapa mama alikuwa anapikia na pale ndama walikuwa wanalala. Nikamsahihisha upande wa ndama. Akaniuliza, "Wewe mwenyeji?" Nikasema ndiyo. Yule mwanamke wa Kizungu akaniomba picha mlangoni, na sasa mahali fulani Ulaya kuna picha nzuri yangu ya safari hii kuliko zote, na mimi sina. Kusafiri kwa treni ya umeme zaidi ya kilomita mia nne na kulipa kiingilio ili uingie kwa bibi yako! Zinjanthropus atanisamehe, amesubiri miaka milioni na ushee.

Jioni mdogo wangu (bibi harusi mtarajiwa, aliyepaswa kuwa anapumzika) akanifuata tukaenda Coco. Gari lile la Makumbusho konda alikuwa ananing'inia mlangoni anaimba "Morocco! Morocco! Morocco wapo?" na hakuna aliyeshangaa. Kituo ni Morocco, basi. Tulishuka tukabadilisha.

Coco Beach ni mihogo. Wanaikaanga, wanaipasua, wanatia pilipili ya ukwaju na kachumbari, unalipa 1,000 na unaungua ulimi ukiwa unaangalia Daraja la Tanzanite likiwashwa taa. Mdogo wangu alipiga picha muhogo wake kwa dakika nne ukapoa. Mimi na kitochi changu tulishamaliza wetu. Nikamwambia, unajua intaneti karibu yote inaingia nchini kupitia humu majini? Hakuamini. Nikamkumbusha Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika huko kusini, na mimi Dodoma, ambako bahari tunaiona kwenye kalenda, nikawarudisha wanafunzi waliotaka kutuma maombi ya mafunzo kwa sababu ukurasa unazunguka tu. Akayaangalia maji. "Kwa hiyo pweza akitaka anaweza kututenganisha na Instagram?" Nikamwambia sidhani kama pweza ana muda huo. Muuza pweza aliyekuwa anapita akatusikia na kutuuzia vipande vinne.

Jumamosi, 16 Agosti: Sendofu

Asubuhi: Aggrey, kioo kimefika, si chenyewe, kesho. Naruka.

Ukumbi ulikuwa hapo hapo Tabata. Kwa walio mbali na mambo haya: siku hizi mwaliko wa sendofu ni picha ya WhatsApp yenye mraba wa vidoti vyeusi, na mlangoni kuna msichana mwenye simu anayeumulika. Wangu ulikuwa kwenye simu yangu. Simu yangu ilikuwa Kariakoo.

"Kadi, dada?"

"Iko kwa fundi."

Nilijieleza. Nilimtajia jina la bibi harusi, la mama yake, la bibi yake, na kabila. Msichana alinisikiliza kwa heshima zote na kusema mfumo haumtambui mtu ambaye hajamulikwa. Familia nzima ilikuwa ndani inapangwa kwa ajili ya kuingia na muziki, hakuna wa kuniona. Nimevaa sare ya familia, kitenge mita sita, kilemba kimenyanyuka kama antena, nimesimama nje ya sherehe ya mdogo wangu niliyoichangia 150,000.

Nyuma yangu ikaja sauti. "Mama Dodoma! Mbona hapa?" Mama Vitumbua, kavaa dhahabu. Akasikiliza, akafungua simu yake. Kadi yake ilikuwa dabo, na mume wake yuko safarini Tunduru. "Huyu ndiye dabo wangu," akasema. Simu ya msichana ikalia tii, na mimi nikaingia ukumbini kama mume wa Mama Vitumbua.

Chakula kilikuwa pilau, ndizi nyama, kuku, na ndafu, kwa sababu baba mdogo ni mtu wa Marangu na bila mbuzi mzima mwenye jani mdomoni kwake hiyo ni semina. Baba mdogo ndiye aliyetoa hotuba. Ni dereva wa malori mstaafu, si mtu wa maneno, na mwanawe akamsaidia kwa kuiomba akili mnemba imwandikie. Karatasi mbili, imechapwa vizuri (jicho la kazi, samahani). Akavaa miwani akasoma yote kwa sauti ile ile ya kusomea mzani. Kiswahili kilikuwa kimenyooka mno, kama kitenge ambacho hakijafuliwa. Alipofika "ndoa ni safari yenye milima na mabonde" akasimama, akatuangalia juu ya miwani, akaongeza la kwake: "Hasa Kitonga." Ukumbi ukalipuka. Kisha akarudi kwenye karatasi, akaendelea hadi mwisho kabisa, na mwisho kabisa palikuwa pameandikwa:

"Je, ungependa niifupishe hotuba hii au niiongezee utani?"

Kimya. MC, Mungu amzidishie, akanyakua kipaza sauti: "Fupisha, baba!"

Wanaume wa meza za nyuma hawakusikia hata hilo, walikuwa wameinamia simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Taifa Stars walikuwa wanacheza na Jamhuri ya Afrika ya Kati uwanja wa Mkapa. MC alikuwa anatutangazia matokeo katikati ya zawadi: "Kutoka kwa wafanyakazi wenzake, jokofu! Na huko Mkapa, bado bila bila!" Mpaka mwisho bila bila. Robo fainali tulikuwa nayo tayari, kwa hiyo hakuna aliyeacha kucheza muziki.

Jumapili, 17 Agosti: Kurudi

Fundi alikuwa pale kweli, Jumapili, ametoka kanisani na tai. Simu iliwaka. Kioo kina rangi ya bluu kidogo ukikiangalia kwa pembeni, nafikiri hiyo ndiyo "ya kawaida" katika "og ya kawaida". Ujumbe ulinyesha dakika saba bila kukatika. Kwenye picha nilikuta tatu za dari ya korido na moja ya kidole gumba, za kujaribia kamera. Na kwenye ramani, kule inakoweka kumbukumbu za ulikopita, simu yangu inashikilia kwamba tangu Jumatano nilikuwa Mtaa wa Aggrey, sikutoka, sikuvuka maji, sikufika kwa bibi.

Treni ya kurudi nililala. Kitochi mama mdogo alinirudisha nacho, akasema kitanisaidia siku nyingine. Nilimwachia Mama Vitumbua kilo mbili za karanga za Dodoma. Aliziweka kwenye ndoo na kuanza kuziuza nikiwa bado nasimama pale.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 22, ilikuwa robo fainali. Sisi na Morocco, na kocha wetu wa wakati huo, Hemed Suleiman, jina la utani naye ni Morocco. Tulifungwa 1–0. Nilikuwa dukani, mashine inatoa nakala safi, redio ya jirani imezimwa kwa hasira, na kitochi kikatetemeka mezani. SMS ya mama mdogo, herufi kubwa zote kama kawaida yake:

TUMEISHIA MOROCCO.

Nilikaa nayo muda. Sikujua anasema timu, kocha, au gari. Nikampigia.

Lilikuwa gari.